UZI: Darasa la utoaji wa figo msikitini bila kumsukuma mtu. Karibuni mkosoe mpango

Mratibu_Arua

Assalaam aleikum, na salamu kwa wasio Waislamu pia.

Tangu hospitali ya Mulago ifanye upandikizaji wa kwanza wa figo hapa Uganda Desemba 2023, swali la kutoa figo linafika msikitini kabla halijafika hospitalini. Daktari anaiambia familia itafute mtoaji, familia inakwenda kwa imamu, naye akijibu kwa neno moja tu, "haramu" au "halali", mazungumzo yamekwisha hapo. Uzi huu ni wa wanaoandaa darasa juu ya mtu aliye hai kutoa figo. Habari za maiti tuziache kwa siku nyingine. Ukichanganya mawili hayo, nusu ya muda italiwa na ubishi wa kifo cha ubongo, na aliyekuja kwa sababu kaka yake yuko kwenye mashine ya kusafisha damu hospitali ya Kiruddu ataondoka bila jibu.

Mpango uko hivi. Mada isiwekwe kwenye khutba ya Ijumaa. Msikilizaji wa khutba haruhusiwi hata kumwambia jirani yake "nyamaza", sembuse kuuliza, na jambo lenye maswali mengi likisemwa mahali pasipoulizwa, maswali yanajibiwa nje na waendesha boda. Baada ya swala litolewe tangazo fupi. Darasa liwe Jumamosi au Jumapili baada ya Alasiri, dakika 90, na limalizike walau nusu saa kabla ya Magharibi, ili mwenye swali la siri apate pa kuliulizia. Watu 20 hadi 25 wanatosha. Wakizidi 40, wazee wawili watasema na wengine wote watakuwa watazamaji.

Wasemaji wawe wawili, sheikh na mhudumu wa afya, na kila mmoja abaki kwenye uwanja wake. Dakika 20 za figo, presha na sukari. 20 za hukumu. 20 za hatari na hatua za hospitali. 30 za maswali. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina. Asiyejua kuandika amnong'oneze msaidizi.

Mambo mawili hayafanyiki kabisa: kumsimamisha mgonjwa mbele ya jamaa, na kuuliza "nani yuko tayari anyooshe mkono". Mkono ulionyooshwa msikitini ni ahadi, na kuirudisha ahadi hiyo ni aibu. Mnaona nini kimepungua?

Ustadh_Yumbe

Waaleikum salaam. Kuhusu khutba umesema kweli. Naongeza juu ya dalili, maana hapo ndipo madarasa mengi huvunjika.

Msemaji akianza na Al-Maida aya ya 32, "anayeihuisha nafsi moja", kisha akaishia hapo, mwanafunzi yeyote aliyepita chuo atamsimamisha. Aya hiyo inaonyesha ukubwa wa kuokoa uhai. Haisemi kwamba njia yoyote ya kuokoa inafaa. Sisi wengi wetu hapa ni Mashafii, na Imamu Nawawi katika kitabu chake Al-Majmuu amesema wazi kwamba mtu hakati sehemu ya mwili wake kumpa mwingine aliyebanwa na njaa. Sheikh mpinzani ataitoa ibara hiyo mfukoni. Itoeni nyinyi kwanza, mweleze hoja ya wanaokataza kwa haki yake: mwili ni amana, mwanadamu ametukuzwa, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Baada ya hapo ndipo mseme kwa nini wengi wa mabaraza ya fiqhi ya zama hizi wameruhusu. Kukata nyama ya mwili enzi za Nawawi kulikuwa kujitia kwenye kifo au ulemavu. Figo moja kutolewa na daktari bingwa kutoka kwa mtu mzima aliyepimwa ni sura nyingine ya jambo. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, 1985, liliruhusu kwa masharti manne: mtoaji asipate madhara yatakayovuruga maisha yake ya kawaida, atoe kwa hiari bila kulazimishwa, kusiwe na njia nyingine ya tiba, na mafanikio ya upasuaji wa pande zote mbili yawe ndiyo ya kawaida. Majmaa ya Jedda, yaani baraza la kimataifa la fiqhi la huko, uamuzi nambari 26 wa 1988, ikazuia kutoa kiungo ambacho uhai unakitegemea, kama moyo, au ambacho kukitoa kunaua kazi ya msingi ya mwili, kama konea za macho yote mawili. Ikazuia pia kuuza. Mwaka 1990 ikazuia kuhamisha korodani na ovari kwa sababu zinabeba nasaba.

Hayo masharti manne ndiyo darasa lenyewe. Yabandikeni ukutani. Mwambieni kila mtu ajiulize sharti lipi halijatimia kwake, na akikosa hata moja, ruhusa imeanguka. Na semeni bila kuficha kwamba wapo waliokataza, akiwemo Sheikh Shaarawi wa Misri. Anayechukua kauli hiyo asiitwe katili, na anayetoa asiitwe muasi.

Musawo_wa_Figo

Mpango mzuri, lakini dakika 20 za hatari mtazijaza maneno matamu msipokuwa na namba. Watu wanaamini zaidi ukiwaambia na ubaya.

Hatari ya kufa kwa upasuaji wa kutoa figo: takriban watu 3 kwa kila 10,000, kwa takwimu za Marekani za 1994 hadi 2009. Hatari ya figo iliyobaki kushindwa kazi maishani: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulikadiria 90 kwa kila 10,000 kwa waliotoa, na 14 kwa kila 10,000 kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Yaani ni ndogo, ila si sifuri, na kwa watoaji weusi ilionekana kubwa kuliko kwa weupe. Hilo la mwisho msiliruke eti litawatisha. Ni letu. Na kumbukeni namba hizi ni za nchi ambako mtoaji anapimwa kila mwaka. Mtu anayerudi kijijini asikokuwa na mashine ya presha anabeba zaidi.

Figo iliyobaki hufanya kazi zaidi kuliko zamani, hadi jumla ifike kama asilimia 65 hadi 70 ya nguvu ya mwanzo. Haioti nyingine. Kwa hiyo tahadharini na mfano wa kuchangia damu. Unasaidia kufungua mlango, maana wengi tayari wanaikubali damu, lakini damu inarudi na figo hairudi, na msikilizaji makini atahisi anadanganywa.

Vipimo vielezwe kwa mpangilio, kwa sababu familia nyingi hudhani ni kulinganisha damu tu. Kwanza kundi la damu: O anaweza kumpa yeyote, AB anaweza kupokea kwa yeyote, na ile alama ya chanya au hasi haina kazi kwenye figo. Halafu presha, sukari, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja), protini kwenye mkojo, VVU, homa ya ini B na C. Huku kwetu West Nile na kaskazini homa ya ini B inaondoa watoaji wengi, na wanaoishi kando ya Nile na Ziwa Albert wapimwe kichocho mapema, kwani cha huko huharibu ini na utumbo, na kinatibika. Chembe za selimundu pia, hasa Busoga na kaskazini. Baada ya hapo ndipo unakuja ulinganisho wa tishu, mchanganyo wa damu ya mtoaji na mpokeaji kuona kama itapigana, na picha ya mishipa ya figo. Mwisho ni mahojiano ya akili na hiari, faraghani.

Kila hatua ni mlango wa kutokea. Mtoaji anaweza kujiondoa hadi dakika ya kuchomwa dawa ya usingizi. Sentensi hiyo isemwe mara tatu.

Akitoka hospitali, wiki 6 hanyanyui kitu kizito: jerikani la lita 20, gunia, wala pikipiki iliyoanguka. Presha na mkojo vipimwe kila mwaka hadi mwisho wa maisha. Na dawa za maumivu za dukani, dikilofenaki na ibuprofeni, aachane nazo. Hiyo dikilofenaki inauzwa kama pipi kwenye maduka ya dawa, na ndiyo itakayoimaliza figo iliyobaki.

Kijana_Kisenyi

Mabwana, mnasema vizuri ila huku Kisenyi hakuna atakayeuliza habari za Nawawi. Swali la kwanza litakuwa hili: "Mabinti wetu wanaokwenda Uarabuni kazini wanasemekana kutolewa figo, na nyinyi mnatuletea figo msikitini?" La pili ni kafara, watu kuuawa kwa ajili ya uchawi. Jibu liko wapi kwenye mpango?

Wakili_Mbale

Swali la Kijana lijibiwe mwanzoni kabisa, kabla ya mchoro wa figo. Ukilingoja liulizwe umeshachelewa.

Lijibuni kwa kueleza tofauti zinazoonekana kwa macho. Katika utoaji wa halali mtoaji ana miaka 18 au zaidi, anajua ni nani anayempa, amesaini ridhaa kwa lugha anayoielewa, amehojiwa peke yake, ana nakala za vipimo vyake na ana tarehe ya kurudi kliniki. Penye wizi au biashara, karatasi inakuwa ya lugha asiyoijua, pasipoti imeshikwa na mtu mwingine, kuna dalali, na kuna haraka. Sheria ya Uganda ya Uchangiaji na Upandikizaji wa Viungo vya Binadamu ya 2023 imefanya biashara ya viungo kuwa jinai na kuunda baraza la kusimamia kazi hii. Darasa lifundishe hivyo: ukimsikia dalali, nenda polisi. Ukimweleza imamu pekee, imamu hana pingu.

Kuhusu pesa watu huvuka mpaka bila kujua. Kurudishiwa nauli, chakula, malazi na ujira uliopotea wakati wa kupona si kuuza, na Azimio la Istanbul la 2008 linatenganisha gharama halisi na malipo. Ila gharama iwe na risiti. Kiwanja, ng'ombe, pikipiki mpya au ada ya shule ya watoto vikiahidiwa kabla ya upasuaji, hiyo ni bei hata ikiitwa shukrani. Ustadh atasema kuhusu zawadi baada ya tendo.

Ustadh_Yumbe

Majmaa ya Jedda iliacha suala la zawadi ya heshima isiyoshartiwa kuwa mahali pa ijtihadi. Mimi nashauri darasani liwekwe upande wa tahadhari: kisitajwe kitu chochote kabla. Kikishatajwa kabla kimeshakuwa sharti, na kinachoshartiwa kwenye kiungo ni mauzo.

Hajjati_Bombo

Assalaam aleikum wanangu. Mpango wote huu ni wa wanaume walioketi mstari wa mbele. Huko nyuma ya pazia ndiko waliko watoaji. Mume akiugua anatazamwa mke. Mtoto akiugua anatazamwa mama. Wekeni darasa la kina mama peke yake, saa nne asubuhi, siku ambayo si ya soko, na muuguzi awe mwanamke. Watoto waandaliwe mtu wa kuwashika.

Mambo ya kuwaambia wazi. Utafiti wa Canada wa 2015 uliona presha ya mimba au dalili za awali za kifafa cha mimba katika mimba kama 11 kwa kila 100 za waliokwishatoa figo, dhidi ya 5 kwa kila 100 za wasiotoa. Wengi wao walijifungua salama, lakini huyu si wa kuzalia nyumbani: kliniki kutoka mwezi wa kwanza, presha kila ziara, na hospitali yenye daktari wa upasuaji. Baada ya kutoa asubiri angalau miezi 6, wengi wanasema mwaka, ndipo abebe mimba. Msichana ambaye bado hajaolewa ashauriwe kwa upole asiwe chaguo la kwanza ikiwa wapo ndugu wakubwa waliokwishazaa. Si kwamba ataharibikiwa, ila hatari hiyo inaweza kubebwa na mwingine.

Juu ya stara: aombe mapema muuguzi wa kike wa kumwandaa, kofia ya chumba cha upasuaji ifunike nywele zote, na gauni refu. Daktari mwanaume akiwa ndiye aliyepo, dharura imeruhusu, na anafunua sehemu ya kazi tu. Hirizi na mikufu vitavuliwa. Waambiwe wakiwa bado nyumbani, la sivyo patakuwa na kelele mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Piko jeusi kwenye kucha lisipakwe wiki hizo, maana linaweza kuvuruga kile kifaa cha kidoleni kinachopima hewa ya damu.

Na mke hana wajibu wa kumpa mume figo. Utii wa ndoa haufiki kwenye figo. Sheikh aseme hivyo kwa sauti yake, kwa sababu likisemwa na muuguzi litaitwa uasi.

Ustadh_Yumbe

Nathibitisha, Hajjati. Wala mume hana wajibu kwa mke, wala mtoto kwa mzazi. Birri, yaani wema kwa wazazi, haijafika huko.

Musawo_wa_Figo

Hapo Hajjati kagusa mahali panapouma zaidi. Shinikizo haliji na panga. Linakuja na kikao cha ukoo, mjomba mkubwa anasema "wewe ndiye mdogo, huna familia", na kijana anaitika kwa kichwa. Ndiyo maana mahojiano ni ya peke yake, na daktari anayemsimamia mtoaji asiwe yuleyule anayemtibu mgonjwa. Mtoaji akisema "sitaki ila naogopa kusema", utaratibu wa kawaida duniani ni timu kuiambia familia kwamba hafai, bila kutaja sababu. Darasani mseme kwamba mlango huo upo. Mtu anayejua upo anakuja kwenye mahojiano akiwa na ulimi wake.

Kijana_Kisenyi

Huo si uongo, daktari? Sheikh hapa anasemaje?

Ustadh_Yumbe

Wakisema "amepatikana na ugonjwa" huku hana, ni uongo, na kesho utamwandama kwenye posa. Wakisema "timu imeona hatafaa kutoa", ni kweli tupu, kwa sababu aliyekosa hiari amekosa sharti la pili la Makka. Hafai kisharia kabla ya kutofaa kidaktari. Neno hilo litumike hivyohivyo bila kuongezwa.

Mratibu_Arua

Shukrani. Nimehamisha swali la Uarabuni na kafara mwanzoni, na darasa la kina mama limekuwa sehemu ya mpango. Sasa maswali madogo ambayo hukwamisha wasemaji. Naomba majibu mafupi, yanayoweza kusomwa kutoka kwenye karatasi: (a) figo mbovu ya mgonjwa inazikwa wapi? (b) nikimpa figo mlevi, dhambi zake ni zangu? (c) nikipata figo ya mwanamke ajnabi, amekuwa maharimu wangu? (d) ndugu yangu ni Mkristo, je? (e) funga ya Ramadhani? (f) dawa zenye nguruwe?

Ustadh_Yumbe

(b) Hapana. "Mbebaji habebi mzigo wa mwingine", Al-An'am 164. Figo inachuja maji, haichagui kinywaji.
(c) Hapana. Umaharimu unakuja kwa nasaba, ndoa na kunyonya. Kunyonya kwa Mashafii ni mara tano kabla ya kutimia miaka miwili, na figo hainyonywi.
(d) Wanazuoni wengi walioruhusu hawakuzuia kumpa asiye Mwislamu asiyekupiga vita, wala kupokea kwake. Al-Mumtahana 8 inafungua mlango wa wema. Hapa Uganda, ambako mama ni Mkatoliki na mtoto ni Hajji, sura hii ndiyo ya kila siku, basi isiwekwe mwisho wa darasa.

Musawo_wa_Figo

(a) Kwa kawaida haitolewi. Figo mpya inawekwa chini ya tumbo, upande, karibu na nyonga, na zile za zamani hubaki mahali pake. Aliyepandikizwa anaweza kuwa na figo tatu. Chora hivyo ubaoni. Mchoro huo mmoja unamaliza maswali mengi, na usionyeshe picha za upasuaji zenye damu. Ikilazimu kutoa figo ya zamani, familia iseme mapema kwamba inaitaka kwa mazishi.

(f) Heparini, inayozuia damu kuganda kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Na vidonge vingi vya ganda laini vina jelatini, ambayo asili yake si lazima iwe nguruwe. Ukificha, mtu ataisoma kwenye simu na hutaaminika tena kwa lolote. Hukumu namwachia Ustadh.

(e) Mtoaji: hafungi wakati wa kupona. Akishapona na vipimo vikawa vizuri, wengi hufunga kama kawaida, kwa idhini ya daktari wake, na anywe maji ya kutosha usiku. Mpokeaji ni habari nyingine. Takrolimasi ya kawaida, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, humezwa kila saa 12. Hapa kwenye ikweta mchana wa funga haubadiliki sana, ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, na kutoka daku hadi futari dozi inachelewa kila siku. Dozi inayochelewa ndiyo mlango wa mwili kuikataa figo. Mwaka wa kwanza hushauriwa asifunge. Baada ya hapo daktari anaweza kufikiria dawa ya mara moja kwa siku, lakini mgonjwa asijibadilishie saa mwenyewe.

Ustadh_Yumbe

Kwa (f): kikiwepo mbadala halali unaopatikana na kumudika, unatumiwa. Usipokuwepo, dharura imehalalisha kwa kiasi chake, na wapo wanaosema kitu kilichobadilika asili yake hakibaki najisi. Kwa (e): mtoaji atalipa siku alizokula. Mpokeaji ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka atatoa fidia, kibaba kwa maskini kila siku moja, na asijione amepungukiwa. Anayeswali kitandani Mulago, kibla kutoka Kampala ni karibu na kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Akiwa na bandeji anapangusa juu yake, na tayamamu huongezwa kwa kidonda kisichofikiwa na maji.

Wakili_Mbale

Moja la utawala. Uongozi wa Waislamu hapa una pande mbili, Old Kampala na Kibuli, basi barua ya utambulisho msiichukue upande mmoja tu. Mkienda na ya Old Kampala peke yake, msikiti wa Kibuli utafunga mlango, na kinyume chake ni hivyohivyo. Nendeni kwa kadhi wa wilaya na kwa masheikh wa upande wa pili wiki ileile, ili asiwepo wa kusema alisikia kwa jirani. Nauli ya sheikh msemaji ilipwe na kamati ya msikiti mbele ya watu. Bahasha ya hospitali, hata ya shilingi 20,000, itageuka kuwa "sheikh kanunuliwa".

Hajjati_Bombo

Na kipimo cha darasa kisiwe idadi ya waliokubali kutoa. Wafadhili hupenda namba hiyo, wakataliwe. Kabla na baada, gaweni karatasi yenye maswali matatu bila jina: mtoaji anaweza kujiondoa siku ya mwisho? Kulipwa figo kunaruhusiwa? Taja hatari moja ya kutoa. Wasiosoma watumie mbegu, maharage kwa ndiyo na mahindi kwa hapana, ndani ya kopo lililofunikwa, na lile la tatu waulizwe kando.

Mratibu_Arua

Nimechukua yote. Ratiba mpya itakuwa na dakika 105 badala ya 90, na mashine mbili za presha mlangoni, moja upande wa kina mama. Atakayekutwa na 140 juu au 90 chini, au zaidi, anaketi dakika tano anapimwa tena, kisha anaandikiwa karatasi ya kituo cha afya. Mwenye mchoro mzuri wa figo tatu, usio na maandishi, auweke hapa.